Homa ya Kompyuta

Ijumaa usiku niliibadilishia kompyuta mfumo,
asilimia moja moja, bando likiisha naongeza,
na ilipowaka tena ilikuwa na sura mpya, herufi nyembamba,
na feni inayounguruma kama kiwanda cha kahawa msimu wa kukoboa.
Sikuwa nimefungua kitu. Ukurasa mtupu.
Sasa inakimbilia wapi?

Chumba chetu hapa Pasua ni kimoja na pazia.
Upande huu meza, nyaya, mimi na hesabu za ushirika;
upande ule mama, aliyeshuka kutoka Kibosho
kwa kliniki ya viungo, Jumanne,
akaambiwa Jumanne nyingine, na nyingine.
Julai ya Moshi haina utani.
Mlima umejifunika wiki ya pili, kama mgonjwa anayekataa kuonwa.

"Anaeli," aliita gizani, "ni nini hicho kinachohema?"
Kompyuta, mama.
"Ina homa?"
Nikatazama: nyuzi sabini na nane.
Nikasema, ina homa.

Jumamosi nikaipeleka kwa Mbazi, nyuma ya stendi.
Alifungua skrubu kumi na moja, akazipanga kwenye kisosi,
akapuliza, vumbi likatoka kama unga wa ulezi;
akakwangua grisi iliyokauka, akapaka mpya,
tone lisilozidi punje ya dengu.
"Feni haina kosa," alisema. "Feni ni mtumwa wa kuambiwa.
Mfumo wa zamani ulijua kuiambia polepole.
Huu mgeni haujajua lugha yake, basi yenyewe inakimbia tu,
kama mlinzi mpya, kila paka akipita anapuliza filimbi."
Elfu kumi na tano.
Nikarudi nayo nyumbani. Ikanguruma.

Usiku tatu nilihangaika, amri juu ya amri.
Mara moja nikaizima feni kabisa, nikajiona mjanja;
ikafika tisini na nne, ikajifia,
ikaondoka na marejesho ya wanachama mia mbili.
Nilikaa gizani nanusa plastiki.

Mwishowe niliandika faili fupi, mistari michache:
chini ya hamsini, lala.
Hamsini na tano, amka.
Sitini na tano, tembea.
Themanini, hapo kimbia, hapo nitakuelewa.

Nikaiwasha saa nane usiku. Kimya.
Nikasikia mbwa wa Njoro. Nikasikia bomba likidondosha,
na saa ya ukutani, ambayo nilidhani ilikufa zamani.
Nyuzi arobaini na sita.
Nilitamani kumwamsha mtu nimwonyeshe.

Asubuhi mama alikuja mezani, kitenge mabegani,
akaweka mikono ubavuni mwa kompyuta, kwenye matundu,
akaisogeza kidogo, akageuza viganja,
kama anayepapasa majivu kuona kama kuna kaa lililobaki.
"Imepona?"
Imepona, mama.
"Haya. Hongera."
Akairudisha mikono chini ya kitenge.

Kumbe. Siku zote hizo, nikitoka kwenda dukani,
nikienda kuoga, nikisimama uani na simu,
alikuwa anakuja hapa na vidole vyake,
vilivyopinda kama tangawizi,
kuota homa ya kompyuta yangu.

Nimeandika faili la pili. Halina maana yoyote.
Linahesabu moja, mbili, tatu, halifiki popote, jibu halihifadhi,
kazi bure ya kuichosha mashine mpaka nyuzi sabini;
hapo linatua, linavuta pumzi, linaendelea.
Mbazi akiliona atacheka.
Jina lake: mama.
Saa kumi na mbili na nusu, kabla ya chai,
nalipa amri, navuta kiti cha pili,
na feni inaanza, taratibu kwanza.